Karatasi Tatu za Kidato cha Sita: Nani Anamchagulia Mwanao?

(Maelezo haya ya kila juma yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuwahi kuyasikiliza.)

Leo nitazungumzia jambo ambalo hujadiliwa sana majumbani mwetu kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Nne, lakini ambalo aghalabu huamuliwa kwa kelele kuliko kwa hesabu. Nalo ni hili: kijana aliyefaulu achague mitihani ipi ya kufanya ili hatimaye aingie chuo kikuu?

Nianze na mama mmoja. Anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, na mimi ni mteja wake wa siku nyingi. Siku hiyo hakutaka kuzungumza bei. Aliniambia, "Kaka, wewe si ndiye unayesema redioni? Basi nisaidie. Binti yangu amefaulu, lakini nyumbani hakukaliki." Akatoa karatasi kutoka kwenye mkoba wa fedha. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D, Jiografia B, Kiswahili B, Kiingereza C, Hisabati D. Baba yake, ambaye ni mfanyakazi wa reli, anataka binti asome PCB awe daktari. Mjomba anasema PCB itamwua, asome CBG. Shangazi anasema asipoteze muda na Kidato cha Tano, aende chuo akapate diploma. Binti mwenyewe amenyamaza.

Kwa wale ambao herufi hizi hazijawafikia nyumbani, PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, na CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Zamani tukiita kombinesheni, siku hizi wakubwa wanaita tahasusi. Jina limekuwa la Kiswahili, lakini herufi zimebaki zile zile za Kiingereza, ndiyo maana mzazi anaweza kulipia nauli ya mtoto kwenda shuleni miaka miwili bila kujua ile herufi ya mwisho ina maana gani. Msione haya kuuliza.

Sasa, tunapomwambia kijana achague tahasusi, tunamwambia achague mitihani. Hilo ndilo wengi hatulioni. Tunadhani anachagua masomo ya kukaa nayo darasani, au anachagua shule. Kumbe anachagua karatasi tatu kuu ambazo Baraza la Mitihani litamwekea mezani mwezi Mei, miaka miwili baadaye, na ambazo chuo kikuu kitazitazama kabla hakijamtazama yeye. Kuna masomo mengine ya ziada ambayo lazima ayafanye, lakini yanayofungua mlango ni hayo matatu. Akishayachagua, kuna kozi ambazo amezikaribia na kuna kozi ambazo amezifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa na umri wa miaka 17.

Mtihani wenyewe una historia. Watoto wa nchi hii walikuwa wakifanya mitihani iliyotungwa Cambridge, Uingereza. Kisha ukaja utaratibu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na Baraza letu likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Wakati ule shule za Kidato cha Tano zilikuwa za kuhesabu na vyuo vikuu kikiwa kimoja tu, kile cha Dar es Salaam. Aliyepenya alipenya, na hapakuwa na mengi ya kuchagua. Leo hapa kwetu peke yake, ukiwa Mbeya una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, ambacho kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, na ukiwa Iringa una Mkwawa, majengo ambayo yaliwahi kuwa shule ya watoto wa Kizungu, na ambayo tangu mwaka 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu. Uchaguzi umekuwa mkubwa. Na penye uchaguzi mkubwa, kosa nalo huwa kubwa.

Turudi kwenye karatasi ya yule mama, tufanye hesabu. Kwa Kidato cha Nne, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kwa PCB binti ana 4 za Fizikia, 3 za Kemia na 3 za Baiolojia, jumla 10. Kwa utaratibu wa uchaguzi wa miaka ya karibuni, mwanafunzi wa shule ya Serikali hutakiwa awe na C zisizopungua tatu kwa jumla, asiwe na F katika masomo ya tahasusi yake, na pointi za masomo hayo matatu zisizidi 10. Kwa hiyo binti huyu amesimama kwenye kizingiti cha PCB, kisigino kikiwa nje. Kwa CBG ana 3 na 3 na 2, jumla 8. Huko ameingia ndani na ameketi.

Baba akisikia hivyo anasema, "Si anaruhusiwa? Basi aende PCB." Anaruhusiwa, ni kweli. Lakini anayekuruhusu kuingia mtoni hakuhakikishii kwamba utavuka.

Tutazame kila njia inakwenda wapi. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa nchini inadai ufaulu katika masomo yote matatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Haina njia ya mkato. Mwenye CBG, hata apate A tatu, hakubaliwi kwa matokeo hayo, kwa sababu hana Fizikia. Hali kadhalika uhandisi unataka Fizikia na Hisabati ya juu, kwa hiyo hata mwenye PCB anayeota kujenga madaraja amepanda basi la njia nyingine. Wapo vijana wanaogundua haya wakiwa Kidato cha Sita, wakati fomu za vyuo ziko mkononi. Kwa upande mwingine, CBG si takataka kama wengi wanavyoisema mitaani. Inakwenda kwenye kilimo, misitu na mazingira pale Sokoine, Morogoro, na inakwenda kwenye ualimu wa Baiolojia na Kemia. Sisi watu wa Nyanda za Juu Kusini, ambao tunakula viazi, mahindi na maharage yaliyofanyiwa utafiti pale Uyole, tungekuwa wa mwisho kumcheka mtoto anayesomea kilimo. Lakini tunamcheka.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nikae chini kuandika maelezo haya. Naomba mchukue kalamu.

Matokeo ya Kidato cha Sita yana hesabu mbili, na hesabu hizo zinakwenda kinyume. Hesabu ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani. Humo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Ukijumlisha masomo matatu unapata daraja: pointi 3 hadi 9 ni Daraja la Kwanza, 10 hadi 12 la Pili, 13 hadi 17 la Tatu, 18 na 19 la Nne. Hapa pointi chache ndizo nzuri.

Hesabu ya pili ni ya vyuo vikuu, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu. Humo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Hapa pointi nyingi ndizo nzuri. Na kiwango cha chini kabisa cha kuingia shahada kwa mhitimu wa Kidato cha Sita wa mwaka 2016 na kuendelea ni kuwa na masomo mawili ya kiwango cha prinsipo, yaani kati ya A na E, ambayo kwa pamoja yanafikisha pointi 4. Tena si masomo mawili yoyote. Ni yale ambayo kozi yenyewe imeyataja.

Mnaona mtego ulipo? Chukueni kijana aliyepata D, E na E. Kwa Baraza ana 4 na 5 na 5, jumla 14. Ni Daraja la Tatu. Nyumbani kunanunuliwa soda, jirani anaitwa, mchungaji anaombwa aje kushukuru. Kijana amefaulu masomo yote matatu, hana S wala F. Kisha anaomba chuo. Masomo yake mawili bora ni D na E, yaani 2 na 1, jumla 3. Hayafiki 4. Mlango wa shahada umefungwa, na baba anasema pana hila.

Sasa mchukueni mwenzake aliyepata C, E na F. Kwa Baraza ana 3 na 5 na 7, jumla 15. Naye ni Daraja la Tatu, lakini yuko nyuma ya yule wa kwanza kwa pointi moja, na ana F ambayo ilimfanya alie siku nzima. Lakini masomo yake mawili bora ni C na E, yaani 3 na 1, jumla 4. Huyu amefikisha kiwango. Kama C na E hizo ziko katika masomo yanayotakiwa na kozi, anaweza kuomba shahada, na yule mwenye ufaulu wa masomo matatu akabaki nje.

Mimi mwenyewe nilipokutana na hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Sikukosea. Maana yake ni kwamba kwa kijana wa kawaida, yule ambaye si kipaji cha ajabu wala si mzembe, kinachomwingiza chuo kikuu ni masomo mawili yaliyo imara. Masomo matatu dhaifu hayamwingizi. Kwa hiyo swali la kuuliza wakati wa kuchagua tahasusi halipaswi kuwa "ipi inaheshimika?" Kwanza, je, katika karatasi hizi tatu, zipi mbili ambazo una hakika utapata C au zaidi? Pili, hizo mbili zinafungua nini? Ukishapata majibu hayo ndipo uulize kuhusu heshima, kama muda utakuwa umebaki.

Kwa udaktari, kama nilivyosema, mbili hazitoshi, na hapo ndipo PCB ilivyo kali. Ukiyumba katika Fizikia peke yake, hata kama Baiolojia ni A, umeukosa udaktari. Utabakiwa na Kemia na Baiolojia, ambazo zitakupeleka karibu kule kule ambako CBG ingekupeleka kwa amani.

Kuna baba mwingine wa Kihesa, Iringa, aliyeniandikia barua kuhusu mwanawe wa kiume. Kijana anapenda historia, na matokeo yake yanasema hivyo, lakini baba amempangia sayansi kwa kuwa "masomo ya sanaa hayana ajira". Sitaki kumbishia mzazi mwenzangu kuhusu ajira, maana mwenye sayansi naye anatafuta. Namwomba tu afanye hesabu ile ile. Kama kijana ana B ya Historia na B ya Jiografia, na Hisabati yake si mbaya, mbona asifikirie EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, au HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi? EGM hasa ni tahasusi inayodharauliwa bila sababu. Inagusa uchumi, takwimu, uhasibu na ualimu wa hisabati, na walimu wa hisabati si watu wa kuokota barabarani. Lakini EGM na D ya Hisabati ni kujitafutia balaa, tusidanganyane.

Kuna jambo jingine dogo. Wanafunzi wengi huanza kwa kuchagua shule. Wakisikia Tosamaganga, Malangali, Ifunda, Iyunga, Loleza au Iringa Wasichana, moyo unaruka, nami siwalaumu, ni majina yaliyolea watu. Kisha ndipo wanaangalia shule hiyo ina tahasusi gani. Huo ni utaratibu wa kuvaa viatu kabla ya soksi.

Mambo yalizidi kuwa mengi mwezi Machi 2024, Serikali ilipotangaza kwamba tahasusi zitakuwa 65: zile 16 tulizozizoea, na mpya 49. Zimo za lugha, za biashara, za sanaa, za michezo na za elimu ya dini. Nia ni njema, kwa sababu si kila mtoto ameumbwa aingie katika makopo 16. Lakini nawashauri wazazi mwende polepole. Tahasusi kuwa kwenye orodha ni jambo moja, shule kuwa na mwalimu wake ni jambo la pili, na chuo kikuu kuwa na kozi inayoyataja masomo hayo ni la tatu. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila kozi inataka masomo gani. Kinapatikana bure kwenye mtandao, na kijana yeyote mwenye simu Uyole au Ipogolo anaweza kukifungua. Mzazi akae naye, wakisome kwa kurudi nyuma: kozi kwanza, kisha masomo inayoyataka, kisha tahasusi, na shule mwisho.

Tena ieleweke kwamba fomu ya uchaguzi aliyoijaza mwanafunzi kabla ya mtihani wa Kidato cha Nne si msumari uliokwisha gongomelewa. Tangu mwaka 2019 TAMISEMI imekuwa ikifungua dirisha baada ya matokeo, ili mwenye kutaka kubadili tahasusi au kuchagua chuo afanye hivyo kwenye mtandao. Dirisha hilo hukaa wazi kwa majuma machache tu. Wengi hulisikia limekwisha fungwa.

Sasa na yule shangazi aliyesema diploma, je, alikuwa anaropoka? La hasha. Katika familia ile nadhani ndiye pekee aliyekuwa na habari kamili. Diploma ya utabibu ya miaka mitatu hupokea wahitimu wa Kidato cha Nne waliofaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D inahesabiwa kuwa ni kufaulu. Binti yetu anazo zote. Akimaliza ni tabibu, ana kazi ya mikono yake. Na akiwa na wastani wa GPA 3.0 na zaidi, mlango wa shahada haujafungwa, ingawa foleni ya udaktari ni ndefu na wenye diploma hushindana wao kwa wao kwa nafasi chache. Njia kama hiyo ipo kwa ufundi pale kwenye chuo kikuu chetu cha Mbeya, na kwa kilimo ipo Uyole. Kasoro yake ni fedha. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali ilifutwa mwaka 2022, wakati diploma inalipiwa. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa diploma katika fani zilizopewa kipaumbele, zikiwemo za afya, lakini "baadhi" ni neno la kulisikiliza vizuri kabla hujauza ng'ombe.

Kwa yule kijana wa D, E na E ambaye sasa ananisikiliza huku amejifunika blanketi, naye ana la kufanya. Mtihani wa Kidato cha Sita unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, yule ambaye namba yake huanza na herufi P badala ya S ya shule. Ushauri wangu ni kwamba asirudie masomo yote matatu kwa hasira. Arudie lile ambalo ana nafasi ya kulipandisha kutoka D kwenda C, au E kwenda D, kwa sababu pointi moja tu ndiyo iliyomzuia. Lakini kabla hajalipa ada ya mtihani aulize chuo anachokitaka, kwa maandishi ikiwezekana, kama kitapokea matokeo ya miaka miwili yakijumlishwa. Wengine wamepitia kozi ya awali ya Chuo Kikuu Huria, ambayo nayo ina masharti yake ya alama, si ya kila mtu.

Na watu wazima? Taifa hili liliwahi kuligeuza jambo zima juu chini. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba mhitimu wa Kidato cha Sita aende kazini kwanza, asiende moja kwa moja chuo kikuu. Papo hapo njia ikapanuliwa kwa wafanyakazi walioiva kazini kuingia kwa mtihani maalumu wa watu wazima. Utaratibu wa kwenda kazini kwanza ulilegezwa baadaye ukaachwa, lakini mlango wa watu wazima haukufungwa. Siku hizi unaitwa utambuzi wa ujuzi uliotangulia, na una mtihani wake. Karani au mwalimu aliyeko Makambako asidhani treni imemwacha.

Wapo pia vijana wachache wanaoniuliza juu ya Marekani, na mtihani uitwao SAT. Niseme kwa ufupi. SAT ni mtihani wa lugha na hisabati, alama zake ni kuanzia 400 hadi 1600, na unaweza kuurudia zaidi ya mara moja kwa mwaka, anasa ambayo mtahiniwa wetu wa mwezi Mei hana. Zamani kulikuwa na mitihani ya ziada ya somo moja moja, lakini ilifutwa mwaka 2021. Vyuo vingi vya huko viliacha kuulazimisha SAT baada ya mwaka 2020, vingine kama MIT vikaurudisha mwaka 2022. Kwa hiyo kabla ya kulipa dola, soma chuo chenyewe kinasema nini mwaka huo. Aidha, vyuo hivyo vitataka kuona pia matokeo ya hapa nyumbani, kwa hiyo SAT si njia ya kuukwepa mtihani wa Kidato cha Sita.

Basi, nilimjibu nini yule mama wa Mwanjelwa?

Nakiri kwamba kwa hesabu zote hizo nilikuwa tayari kumwambia CBG, nibebe mchele wangu niende. Lakini likanijia swali moja. Nikamwambia, "Mama, hebu mpigie binti. Muulize nani alikuwa anawafundisha Fizikia." Akapiga simu pale pale juu ya gunia. Jibu likaja: mwalimu wa Fizikia alihama wakiwa Kidato cha Tatu, na mwingine hakuja. Walisoma kwa kunakili madaftari ya waliowatangulia, na maabara waliiona siku ya mtihani.

Ndugu wasikilizaji, hapo D ilibadilika sura. D aliyoipata mtoto mwenye mwalimu miaka minne ina maana moja, na D aliyoipata mtoto aliyesoma madaftari ya watu ina maana nyingine kabisa. Karatasi ya matokeo haionyeshi tofauti hiyo, na hakuna kompyuta ya Dodoma itakayoiuliza. Ni mzazi na mtoto wanaojua. Katika shule zetu nyingi za kata jambo hili si la nadra, na ninaamini tunawapoteza waganga na wahandisi wengi, hasa wasichana, kwa kuisoma D kana kwamba D zote ni sawa. Vile vile tunawatumbukiza wengine shimoni kwa kutaka kuamini kwamba D ya mtoto wetu ilikuwa ya kuonewa.

Kwa hiyo nilimshauri apime. Matokeo hutoka Januari, na Kidato cha Tano huanza Julai. Katikati hapo kuna miezi ambayo watoto wetu huimaliza kwa kuangalia tamthilia. Nikamwambia atafute mwalimu wa Fizikia, mstaafu au yeyote anayeaminika, amfundishe binti kwa majuma manane au tisa. Kisha apewe mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka mwingine, mlango umefungwa, saa iko mezani, na asahihishe mtu asiye ndugu. Akipata C, abaki na PCB na baba yake afurahi kwa haki. Akibaki na D ile ile hata baada ya kufundishwa, basi abadili kwenda CBG dirisha likiwa wazi, au wakakae na shangazi wahesabu fedha za diploma. Binti mwenyewe aulizwe anataka nini, maana mpaka wakati huo hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mama alinitazama, akasema, "Na huyo mwalimu analipwa na nani, kaka?" Nikanyamaza. Akacheka, akanipimia mchele, na hakunipunguzia hata shilingi mia.

Juma lililopita nilipita tena Mwanjelwa. Aliyekuwa akipima mchele alikuwa binti. Nikamwuliza habari za Fizikia. "Shikamoo baba," akaniambia, "mwalimu amenirudisha mada za Kidato cha Tatu. Umeme nimeuelewa. Mawimbi bado." Chini ya mizani palikuwa na daftari limefunguliwa, limejaa unga wa mchele.